Banda la Mnyika

Baba Neema wangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona kila asubuhi nikifungua dirisha la jikoni. Udongo wako umeanza kushika majani, na maua aliyopanda Neema yameliwa na mbuzi wa jirani. Mimi nipo. Nimechoka, lakini nipo. Na kenge wako yupo.

Nimemtaja mapema kwa sababu najua ungemuulizia yeye kwanza. Ndivyo ulivyokuwa. Ukirudi safari, unashuka kwenye lori la mboga, nguo zinanuka kabichi na dizeli, unasimama mlangoni hata salamu hujatoa: "Mnyika amekula?" Nami huko jikoni najibu, "Nimekula." Unacheka mpaka unajishika kwenye fremu ya mlango. "Sikukuulizia wewe, nimemuulizia mwenzio." Kila safari ulicheka vilevile, na kila safari mimi nilijibu vilevile. Mwanzoni nilijisahau kweli. Baadaye nilikuwa nakupa tu kicheko chako.

Jina lilikuwa langu kwanza, usisahau. Uliponioa kule Mombo ukanipandisha huku kwa zile kona za Soni, nilitapika njia nzima, na nilipofika ndugu zako walinitazama wakasema, huyu ni mtu wa nyika, hatadumu. Kwenu dunia ni mbili tu: huku milimani kwenye watu, na huko chini kwenye joto na mbu. Kipupwe cha kwanza nilivaa khanga mbili juu ya sweta lako, na bado nilikuwa nakaa karibu na mafiga hadi pindo la khanga likaungua. Ukaniambia, "Mnyika wee, utaniunguzia nyumba kwa kuogopa mpeho." Mpeho, ndivyo mlivyoita baridi, kwa sauti kama vile ni mgeni mnayemheshimu. Jina likaganda. Mbele za watu nilikuwa Mama Neema. Tukiwa wawili, Mnyika.

Halafu ukamleta yeye. Ulisimama Mombo kununua machungwa, ukakuta watu wamefunga kenge kwa kamba ya katani, mguu mmoja wa nyuma umesagika, wanabishana wamuue kwa jiwe au kwa panga. Ukawapa machungwa yote, ukamtia kwenye tenga tupu la karoti, ukapanda naye. Nilipofunua gunia lililofunika tenga nikaona ule ulimi wenye panda unanitokea, niliruka hadi uani.

"Baba Neema, hiki nini?"

"Ndugu yako. Mtu wa kwenu."

Ulimpeleka kwa bwana wa wanyamapori kama sheria inavyotaka. Yeye akautazama ule mguu, akasema huyu ukimrudisha porini ni kitoweo cha fisi, akakupa kibali cha kumtunza. Ulirudi na ile karatasi umeishika kama mtu aliyebatiziwa mtoto. Ukampa jina langu. Kwanza alikuwa Mnyika mdogo, na alipokua ukaliacha lile "mdogo" njiani, bila hata kuniuliza.

Na akakua! Nani alikuambia kenge anakua kiasi kile? Ulipomleta alienea kwenye tenga. Baadaye tukimlaza mkekani mkia unabaki sakafuni. Ulimweka stoo, akapasua magunia ya mahindi akitafuta panya, akala mayai ya kuku wangu wote, akararua wavu wa kuku ulioziba dirisha kama mtu anayefungua barua. Nilikuambia, wahenga wamesema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, na wewe umemwingiza ndani ya nyumba. Ukanijibu, "Huyu anasikia sana. Asiyesikia ni wewe." Nilikutupia mwiko, ukakwepa.

Kitu kimoja tu kilikusumbua. Alikuwa anatembea. Toka ukuta huu hadi ukuta ule, anageuka, anarudi, mguu wake mbovu unaburura, na kila akifika mwisho anasukuma pua ukutani, mpaka pua ikachubuka. Ulikaa kwenye kizingiti ukamtazama muda mrefu, kofia magotini. Ukasema, "Mama Neema, huyu si mtu wa kukaa kwenye boksi. Ni dereva kama mimi. Usipompa barabara ataugua."

Ndipo ulipoanza habari ya banda.

Jumapili zote za mwisho zilikuwa za banda. Tukitoka kanisani, kabla hata sijashusha sufuria, wewe uko nyuma ya jikoni na suti yako na koti lako la mtumba juu yake, umenyoosha mikono kama unataka kumkumbatia mtu ambaye hajafika. Unaweka alama kwa kisigino, unasogea, unanyoosha tena. Banda lazima liegemee ukuta wa jiko, ulisema, matofali yashike moto wa kuni zangu, maana umeme wa huku ukiutegemea utamzika. Upande mmoja uwe wa joto, uwe na mawe ya mto, na upande mwingine upoe, ili achague mwenyewe. Chini imwagwe zege asichimbe akatokea kwa jirani, halafu juu yake udongo mwingi, maana kenge asipochimba anakuwa kama mkulima aliyenyang'anywa jembe. Nusu pipa la maji alale ndani. Gogo la kupanda. Wavu uwe wa chuma kizito, si huu wa kuku anaoufanya mchezo. Juu, nusu bati na nusu nailoni kama ya vitalu vya nyanya, jua liingie lakini ukungu ubaki nje.

"Pima tatu kwenda mbele," ulisema, "pima mbili ubavuni, na juu mkono wangu ulionyooshwa."

Nilikuambia uchukue tepu ya kupimia kama mafundi wengine. Ukacheka. "Tepu naisahau garini. Mikono nakwenda nayo kila mahali."

Mikono ulikwenda nayo kweli, Baba Neema.

Sitaki kuandika sana habari za hospitali. Ulikuwepo, unazijua. Nitasema hili moja tu, kwa sababu limekaa kifuani mwangu kama ugali mbichi. Siku ile ya mwisho nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, miguu imekufa ganzi kwa ile sakafu, nimekushika mkono. Ulikuwa hujasema neno tangu asubuhi. Ukafumbua macho, ukaniangalia mimi, ukasema, "Mnyika asipate baridi." Ukafumba. Basi. Nilingoja la kwangu. Halikuja.

Miaka yote ile ya kukupikia, kukufulia dizeli, kukungojea wakati mvua imeangusha barabara na simu yako haipatikani, na neno lako la mwisho likawa la kenge. Niliwaambia watu kwamba ulikwenda kwa amani bila kusema kitu. Niliona aibu. Mjane gani atasimama mbele ya waombolezaji aseme mume wangu ameaga kwa kumkumbuka mjusi?

Tuliondoa matanga, tukagawa nguo zako kama desturi. Suti alichukua mdogo wako. Dada yako, wifi yangu, alishuka kutoka Vuga na khanga ya kufungia vitu, akataka na koti. Nilimwambia koti limeliwa na panya. Nilidanganya. Lilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, kwenye msumari wake, lile koti la mtumba lililokuzidi mikono, ambalo ulinisihi nilipunguze na mimi kila siku nasema kesho.

Ndipo kipupwe kikaingia. Unaujua ukungu wa huku unavyofanya, unashuka mchana unakaa kwenye migomba kama ng'ombe aliyegoma. Kenge wako akaacha kutembea. Alitambaa hadi chini ya jiko akalala pale, nikimgusa ni baridi kama sufuria ya jana. Nilimpa yai, halikuguswa. Nikampa utumbo wa samaki, akaufumbia macho. Wifi akasema, "Nyumba ya mjane haifugi kenge, watu watasema nini? Mshusheni huko kwao nyika." Neema akapiga simu kutoka Tanga, kwa upole, unamjua mwanao. "Mama, umechoka. Mwache tu. Akifa si kosa lako."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafikiri. Nilitaka afe, Baba Neema. Nilitaka lile neno lako life pamoja naye, ili nisilisikie tena. Halafu nikaja jikoni kuwasha moto, nikamwona amenyanyua kichwa kidogo kuelekea kwenye njiti ya kiberiti. Kama mimi yule, mwaka ule wa kwanza. Nikatoka nikamwita Fundi Hoza.

Fundi Hoza unamjua, mfupi yule aliyetutengenezea kitanda. Alikuja na mbao begani, akatua, akavua kofia.

"Shikamoo mama. Pole sana na mzee."

"Marahaba. Tumeshapoa. Unalikumbuka lile banda?"

"Nalikumbuka lote. Mzee alinisimamisha hapa hapa akanieleza mpaka mvua ikatunyeshea."

Nikafurahi, maana mimi nilikumbuka nusu nusu. Akajenga. Akamwaga zege, akasimamisha nguzo, akapiga misumari huku anaimba za kwaya. Alipomaliza kuunganisha fremu tukambeba kenge kwenye gunia tukamweka ndani ajaribu. Akazunguka mara moja tu, mkia ukagonga kona, pua ikagonga wavu. Akasimama. Banda lilikuwa kama choo.

"Fundi," nikasema, "mzee alisema pima tatu."

"Pima tatu kamili, mama. Nimepima mwenyewe."

"Pima za nani?"

Akanyoosha mikono yake, akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto, kama vile ndiyo kwanza anakutana nayo. Wewe ulikuwa ukinyoosha mikono unafuta vumbi juu ya kabati bila kigoda. Hoza akisimama pale anafika kwenye kitasa. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uende, na kicheko kikaniuma mbavu, na katikati yake nikaanza kulia, na fundi wa watu akabaki kapanua mikono hajui aishushe au aiache.

Mimi nikajaribu ya kwangu. Ni mifupi kuliko yake. Jirani akasema, ongeza tu kwa kukadiria, fundi. Lakini kukadiria nini? Wewe ulikuwa na mwisho wako, kidole hiki hadi kidole kile, na hakuna mtu mwingine Lushoto nzima mwenye mwisho ule.

Ndipo nilipokumbuka koti.

Nililitoa msumarini nikalileta uani. Nikakunjua mikono yake, ile uliyokuwa ukiikunja mara mbili ili uweze kushika usukani. Ikikunjuliwa ilikuwa inakufika ncha za vidole, ndiyo maana ulikuwa unanipungia mkono kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake, na ndiyo maana nashukuru sikuwahi kuipunguza. Nikalitandaza juu ya mbao, mkono mmoja huku, mwingine kule. Fundi Hoza akarudi nyuma.

"Mama, koti la marehemu?"

"Pima, fundi. Hatakuuma."

Akakata ufito urefu ule ule. Alipousimamisha ukutani nilishtuka, maana nilikuwa nimeshasahau ulivyokuwa mkubwa. Miezi michache tu, na nilikuwa nimeshakupunguza kichwani.

Akang'oa nguzo, tukaanza upya. Nilibeba udongo kwa ndoo, mgongo ukaniambia umri wangu. Nusu pipa tulilipata sokoni, gogo ni lile tawi la mplamu lililovunjwa na upepo. Nailoni niliiosha mwenyewe. Mchana jua lilipopenya, mawe yakaanza kushika moto, na upande wa pili wa ukuta maharage yangu yalikuwa yanachemka, na joto lote lile likawa linarudi ndani ya matofali kama ulivyosema. Tulimwachia. Akasimama kidogo akitoa ulimi. Halafu akatembea. Alikwenda mpaka mwisho na mwisho haukumgonga, akageuka kwa raha zake, akarudi, akapanda gogo na ule mguu mbovu, akashuka, akaanza kuchimba udongo na kuurusha kwenye viatu vya fundi.

Nikadhani kazi imekwisha. Nilikuwa nimebeba ndoo ya mwisho. Fundi Hoza alikuwa anafuta nyundo kwa suruali, anakuna kichwa.

"Limebaki lile la kibao, mama. Nililiacha makusudi. Nilidhani mzee ananitania."

"Kibao gani?"

"Alisema pale kwenye ukuta wa jiko, pale pale kwenye joto, nipigilie kibao kipana. Nikamuuliza kiwe juu kiasi gani. Akasema, usawa wa goti la Mnyika." Akamtazama kenge aliyelala tumbo chini juu ya mawe. "Sasa mama, nimemchunguza huyu mnyama tangu juzi. Goti la kenge liko wapi?"

Niliiweka ndoo chini.

Kisha nikaingia ndani ya banda, nikasimama mgongo ukutani, nikapandisha khanga kidogo, nikamwonyesha kwa kiganja. "Weka hapa, fundi."

"Hapo ni goti lako, mama."

"Ndiyo. Mnyika ni mimi."

Akavua kofia tena, kama siku ile aliyokuja kunipa pole. Akapigilia kibao bila kuimba.

Sasa nikugombeze, maana bado mimi ni mkeo. Kwa nini hukusema? Ulikuwa na jina langu la ubatizo, ulikuwa na Mama Neema, ulikuwa na majina yote ya kunitofautisha na mjusi, ukachagua lile nililoshirikiana naye. Pale kitandani ulimaanisha yupi? Nimeligeuza neno lile huku na huku kama chapati na sijui. Labda yeye. Labda mimi. Labda kwako wewe alikuwa Mnyika mmoja tu, anayeogopa mpeho, ulimchukua huko chini ukampandisha huku, na ukaona ni juu yako asigandishwe na milima yenu. Ungekuwepo ningekuuliza, nawe ungecheka ushike fremu ya mlango, usinijibu.

Bado nimechoka. Nisikudanganye, banda halikuniondolea uchovu. Asubuhi nasafisha kinyesi chake, nabadilisha maji, natafuta panya kwa watu wanaonitazama kama mchawi. Wifi amesema hakanyagi tena hapa mpaka niondoe yule mdudu. Usiku nyumba ni kubwa na kitanda ni kikubwa zaidi. Neema anataka nishuke Tanga nikaishi naye kwenye joto, nimemwambia tutaona.

Lakini barua hii naiandikia ndani ya banda. Nje ukungu umeshuka, jirani hata simwoni. Nimekaa kwenye kibao, miguu inafika chini sawasawa, ukuta unanichoma mgongo vizuri, pale pale panaponiuma. Nimevaa koti lako na mikono imenizidi, naishika kalamu kwa shida. Mwenzangu yuko juu ya mawe yake, macho nusu. Amekula mayai mawili. Pua yake imepona.

Basi lala, Baba Neema. Mbuzi nitawafukuza, maua nitapanda mengine. Na ukisimama kwenye mlango wa huko uliko ukauliza kama Mnyika amepata joto, usihangaike kuniambia unamuulizia yupi. Nitakujibu kama zamani, huku nikikoroga chungu: nimepata.

Mkeo,
Mnyika wa kwanza.